Masurufu ya wakala wa akili unde: ukomo wa kasi ya maombi haulindi mfuko

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, naandika baada ya kulipia kosa ambalo lingezuilika kwa mistari michache ya programu. Ofisini kwetu tuna wakala wa akili unde, yaani programu inayoiuliza modeli ya lugha hatua inayofuata kisha kuitekeleza yenyewe kwa kuita zana, mwenye kazi ya kusoma ankara za wauzaji, kutoa namba, tarehe na kiasi, kisha kuziandika taarifa hizo katika kanzidata. Usiku mmoja alipewa faili la PDF ambalo ndani yake hamkuwa na maandishi, bali picha ya karatasi iliyoskaniwa. Zana ya kusomea ilirudisha utupu bila kutoa taarifa ya kosa. Wakala akaona faili halijasomwa, akaiita zana tena, akapata utupu, akaiita tena. Tangu saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa akituma ombi moja kila baada ya sekunde 20.

Maombi 3 kwa dakika, kwa muda wa saa 8, ni maombi 1,440. Kila ombi lilibeba wastani wa tokeni 60,000 (tokeni ni kipande cha neno, nacho ndicho kipimo cha bili), hivyo jumla ilikuwa tokeni milioni 86.4, na kwa bei ya dola 3 kwa kila tokeni milioni 1 zinazoingia, bili ilifika karibu dola 260 kwa ajili ya karatasi moja ambayo mpaka asubuhi ilikuwa haijasomwa. Ukomo wa akaunti yetu kwa mtoa huduma ulikuwa tokeni 450,000 kwa dakika, nasi tulikuwa tukitumia 180,000. Jibu la 429, lile linaloarifu kwamba maombi yamezidi, halikutokea hata mara moja.

Nilichojifunza ni kwamba ukomo wa kasi na ukomo wa matumizi ni vitu viwili, na wengi wetu tumekuwa tukiutegemea wa kwanza utufanyie kazi ya wa pili. Mtoa huduma huweka ukomo wa kasi ili seva zake zisielemewe na ili mteja mmoja asiwazibie wengine njia. Bili yako haimhusu kwa namna hiyo. Wakala anayepotea kwa haraka atagonga ukuta ndani ya dakika moja na utajua. Anayepotea polepole atatembea usiku kucha chini ya ukomo, na kila ombi lake litakuwa halali.

Kwa wakala, tofauti na programu ya kawaida inayouliza swali moja na kupata jibu moja, gharama pia haipandi kwa mstari ulionyooka. Modeli haikumbuki ombi lililotangulia, kwa hiyo kila hatua mazungumzo yote hutumwa upya tangu mwanzo. Chukua wakala anayeanza na maelekezo ya tokeni 4,000, na kila hatua ikaongeza 2,000. Akifika hatua ya 30 atakuwa ametuma tokeni 990,000 kwa jumla. Akifika hatua ya 60 atakuwa ametuma 3,780,000. Hatua zimekuwa mara mbili, gharama imekaribia mara nne.

Sisi tulidhani tumeliona hilo mapema. Tuliweka utaratibu wa kufuta sehemu ya kale ya mazungumzo kila yanapozidi tokeni 60,000, tukaamini tumebana matumizi. Kumbe pamoja na maneno ya zamani tulikuwa tukifuta ushahidi kwamba faili lile limekwisha kushindikana, na kila baada ya muda wakala alikuwa akikutana nalo kama mgeni. Hatua yetu ya kubana matumizi ndiyo iliyomweka kwenye kitanzi, yaani mzunguko wa kurudia jambo lilelile.

Nyumbani kwangu ninatumia LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambao nao, kwa bahati, huuzwa kwa tokeni. Uniti zikiisha umeme unakatika, hata kama mchezo wa mpira umebaki dakika tano. Ninataka wakala wangu aishi hivyo, yaani fedha zitangulie na huduma ifuate. Naomba wenye uzoefu waeleze ukomo huo wameuweka wapi na kwa namna gani.

#2 Msimamizi wa seva

Pole, mkuu. Kabla ya kuingia kwenye fedha, naomba ukague suala la kujaribu tena, kwa sababu hapo ndipo maombi huzaliana bila mtu kuyaagiza.

Maktaba rasmi za Python za OpenAI na Anthropic, yaani msimbo wao wa tayari wa kutumia modeli zao, usipozibadilisha, hujaribu tena mara 2 ombi linaposhindwa kwa makosa ya muda, ikiwemo 429. Hayo tayari ni majaribio 3. Waandaaji programu wengi hawalijui hilo, nao huandika kitanzi chao cha majaribio 3 kuizunguka maktaba. Kisha kazi yenyewe inakaa kwenye foleni ambayo nayo imewekewa kuijaribu kazi inayoshindwa hadi mara 3 kwa jumla. Tatu mara tatu mara tatu ni maombi 27 kwa jambo moja, na yote yanatumwa wakati seva ya upande wa pili inalalamika kwamba imezidiwa. Chagua tabaka moja tu lenye ruhusa ya kurudia, na mengine yote yapeleke kosa juu kama lilivyo.

Jibu la 429 lilirasimishwa mwaka 2012 katika waraka wa kanuni za mtandao uitwao RFC 6585, na waraka huo unaruhusu seva iambatanishe kichwa cha Retry-After kinachotaja muda wa kusubiri. Kikiwepo, kifuate. Kisipokuwepo, ongeza muda wa kusubiri maradufu kila unaposhindwa, na uchanganye na muda wa kubahatisha kidogo, vinginevyo mawakala wako 40 waliokataliwa kwa pamoja watasubiri kwa pamoja na kurudi kwa pamoja.

Tahadhari nyingine ni kwamba baadhi ya watoa huduma hutumia namba hiyohiyo ya 429 kueleza pia kwamba salio lako limekwisha. Programu isiyosoma maelezo yaliyo ndani ya jibu itasubiri na kurudia usiku mzima, ikidhani ni msongamano, kumbe akaunti haina kitu.

#3 Mwanafunzi wa kompyuta

Ninaomba kuuliza kwa heshima. Je, haitoshi kumwekea wakala ukomo wa hatua, tuseme 25, akizifikisha asimame? Ni rahisi kuliko kujenga mfumo wa salio.

#4 Mwanzisha uzi

Uwekee, na tangu siku ile nasi tumeuweka, lakini usiutegemee peke yake. Hatua moja inaweza kuwa ombi la tokeni 3,000, na nyingine ikawa imebeba kitabu kizima cha sheria ambacho zana imekivuta kutoka kwenye faili. Zaidi ya hapo, siku hizi wakala huweza kuwaita mawakala wasaidizi. Mkubwa ana hatua 25, na katika kila hatua akimwita msaidizi mwenye hatua zake 25, umeruhusu hatua 625 za wasaidizi huku ukiamini umeruhusu 25. Ukomo wa fedha hushuka pamoja na kazi kutoka kwa mkubwa hadi kwa msaidizi, lakini ukomo wa hatua huanza upya kila anapozaliwa msaidizi, isipokuwa umeandika programu kwa uangalifu.

Kwa sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili kuna jambo la ziada. Vikata-maneno vya modeli nyingi, yaani programu zinazoyagawa maandishi kuwa tokeni, vimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo neno kama «hawatakuambieni» hukatwa vipande vingi, na ujumbe uleule kwa Kiswahili huhesabiwa tokeni nyingi kuliko kwa Kiingereza. Makadirio unayoyakuta katika mifano ya mtandaoni, ya kwamba tokeni moja ni takribani herufi nne, yameandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Pima kwa matini yako mwenyewe.

#5 Mhasibu

Mimi si mtu wa programu, nimeuingia uzi huu kwa sababu ya neno «matumizi», lakini mnachokitafuta kiofisi kinaitwa masurufu. Mtumishi anayesafiri kikazi hapewi ufunguo wa sefu. Anapewa kiasi kilichokadiriwa kabla ya safari, kiasi hicho kinaondolewa kwenye fungu wakati huohuo, na akirudi anafanya marejesho kwa stakabadhi. Kilichobaki kinarudi kwenye fungu. Ambaye hajafanya marejesho hapewi masurufu mengine, na akiendelea kukaa kimya hukatwa kwenye mshahara.

LUKU uliyoitaja, ndugu, inafanana na jambo hili kwa kukata tu. Nyumbani mita ni moja. Ofisini mna wasafiri wengi wanaochota fungu moja kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalowasumbua wahasibu.

#6 Mwanzisha uzi

Ndugu mhasibu, umenifungulia mlango. Niliusoma mchango wako mara mbili, kisha nikaufungua msimbo wetu na kukuta kosa lilelile unaloliashiria.

Tulikuwa tumeandika hivi: kabla ya ombi, soma salio, likiwa zaidi ya sifuri, tuma, jibu likirudi, toa gharama kwenye salio. Kwa wakala mmoja inafanya kazi. Sasa fikiria mawakala 10 na salio la dola 1. Wote wanasoma salio katika sekunde moja, wote wanaona dola 1 ipo, wote wanatuma. Kila ombi likigharimu senti 18, tumetumia dola 1.80 kutoka kwenye fungu la dola 1, na hakuna hata mmoja aliyevunja kanuni tuliyoiandika.

Kwa njia ya masurufu, makadirio hutolewa kwanza. Tokeni zinazoingia zinaweza kuhesabiwa kabla ya kutuma. Zinazotoka hazijulikani, lakini kila ombi lina sehemu ya kutaja idadi ya juu kabisa ya tokeni ambazo modeli inaruhusiwa kuandika, na hiyo ndiyo unayoikadiria. Kwa bei ya dola 3 kwa milioni zinazoingia na dola 15 kwa milioni zinazotoka, ombi lenye tokeni 40,000 za kuingia na kikomo cha 4,000 za kutoka litahitaji masurufu ya senti 12 na senti 6, yaani senti 18. Zinatolewa kwenye salio hapo hapo. Jibu likirudi na tokeni 600 tu, gharama halisi ni senti 12.9, na senti 5.1 zinarejeshwa. Katika mfano wa mawakala 10, watano watapita na kubakiza senti 10, na wa sita atakataliwa kabla hajatuma chochote.

Sharti ni kwamba kuangalia salio na kulipunguza kuwe tendo moja lisiloingiliwa katikati. Ukiliandika kama matendo mawili, umerudi ulikotoka. Sisi tunatunza salio katika Redis, kanzidata ya haraka, ambayo hutekeleza hati fupi ya lugha ya Lua kwa mkupuo bila kuruhusu amri nyingine ipenye. Mwenye kanzidata ya PostgreSQL anaweza kufanya vivyo hivyo kwa amri moja ya UPDATE yenye sharti kwamba salio linatosha, kisha akaangalia kama kuna safu iliyobadilika.

Kuhusu anayekaa kimya bila marejesho, kwetu ni mchakato uliokufa katikati ya ombi. Kwanza nilitaka masurufu yake yarudi kwenye fungu yenyewe baada ya dakika 10. Baada ya kusoma habari ya kukatwa mshahara nimegeuza: yasiporejeshwa, yanahesabiwa kuwa yametumika yote. Ombi lililokatika kwetu huenda kwa mtoa huduma limekamilika na limetozwa, na ni afadhali fungu lionekane dogo kuliko lilivyo kuliko kuonekana kubwa. Kila asubuhi tunalinganisha daftari letu na taarifa ya matumizi ya mtoa huduma na kusahihisha tofauti.

#7 Msimamizi wa seva

Ninaunga mkono hesabu hiyo, na ninaongeza mahali pa kuiweka. Isiwe ndani ya wakala. Msimbo wa wakala hubadilika kila wiki, na siku moja mtu ataandika zana mpya inayoita modeli moja kwa moja kwa ufunguo wa akaunti (nywila ya programu) aliounakili kutoka kwenye faili la mipangilio. Weka lango katikati, yaani seva ambayo maombi yote hupitia. Ufunguo halisi wa mtoa huduma ukae langoni peke yake, na kila wakala apewe ufunguo wa ndani wenye bajeti yake. Programu huria ya LiteLLM inafanya kazi hiyo, ina bajeti, maombi kwa dakika na tokeni kwa dakika kwa kila ufunguo. Ufunguo wa ndani ukivuja, hasara yake haizidi fungu lake. Ufunguo halisi ukivuja, mtu wa mbali ataendesha biashara yake kwa bili yako, na wizi wa namna hiyo umekuwa wa kawaida kiasi cha kupewa jina lake tangu mwaka 2024.

Langoni hapo ndipo pa kuweka pia ukomo wa kasi wa kwenu wenyewe. Njia ninayoipenda ni ya ndoo ya tokeni (neno hili limechoka, lakini humu lina maana ya tatu). Ndoo inajazwa kwa kasi isiyobadilika, kila ombi huchota tokeni moja, na ikikauka unasubiri. Ukubwa wa ndoo unaruhusu mkupuo mfupi, kasi ya kuijaza inalinda wastani. Njia ya kuhesabu maombi ndani ya kila dakika ya saa ni nyepesi kuandika ila ina tobo: mwenye ruhusa ya maombi 100 kwa dakika anaweza kutuma 100 katika sekunde ya mwisho ya dakika moja na 100 katika sekunde ya kwanza ya inayofuata.

Wala msiridhike na tahadhari za bajeti za watoa huduma za wingu. Nyaraka za Google Cloud zinasema waziwazi kwamba kuweka bajeti hakuzuii matumizi yenyewe, kunatuma taarifa. Barua pepe inayofika saa nane usiku haizimi kitu.

#8 Mwandaaji programu wa mifumo ya malipo

Ninatofautiana na mwanzisha uzi katika jambo moja. Umeme ukikatika wakati wa mpira, umekosa mpira. Wakala akikatwa wakati ameshaandika malipo katika daftari moja na hajaandika katika la pili, mmeachiwa kazi ya siku mbili ya kutafuta tofauti. Ukomo mkali unaokata popote ni hatari kwa wakala mwenye mikono, yaani anayeandika, anayelipa au anayetuma ujumbe.

Sisi tunatenga masurufu ya kazi nzima mwanzoni, si ya ombi moja moja tu, na ndani yake tunabakiza sehemu ambayo wakala haruhusiwi kuigusa kwa kazi ya kawaida. Akifikia hapo anapewa amri moja tu: funga ulichokifungua, andika ulipofika, simama. Na kila tendo la kuandika linabeba namba yake ya kipekee ili likirudiwa kesho lisifanyike mara mbili.

Kuna wanaopendekeza wakala aambiwe salio lake ili ajibane mwenyewe. Tunafanya hivyo, na mara nyingine husaidia kuchagua njia fupi, lakini sioni kama ni ulinzi. Wakala aliyepotea huwa na uhakika kwamba hatua inayofuata ndiyo ya mwisho.

#9 Mwanzisha uzi

Nakubali, na nilikosea kuupa mfano wa LUKU uzito mkubwa kiasi kile. Kwa wakala wa kusoma tu, nitakata popote. Kwa mwenye mikono, nitafuata utaratibu wako wa akiba ya kufungia kazi.

Kuhusu kitanzi chenyewe, tumeongeza kinga ambayo haihitaji fedha wala modeli. Lango linatunza alama ya kila mwito wa zana, yaani jina la zana pamoja na vigezo vyake, na mwito uleule ukirudi mara ya tatu na jibu lilelile, kazi inasimamishwa. Waliojaribu wakala huria wa Auto-GPT alipotoka Machi 2023 wanaukumbuka mzunguko wa namna hii; haujaisha, umekuwa tu na adabu zaidi. Zana ya PDF nayo sasa inarudisha kosa lenye maneno, «faili hili ni picha, halina maandishi», badala ya utupu.

Ufutaji wa mazungumzo ya kale tumeuondoa, na sababu haikuwa kitanzi peke yake. Baadhi ya watoa huduma hutoza sehemu ya kumi tu ya bei kwa mwanzo wa mazungumzo ambao umekwisha kuhifadhiwa upande wao, ilimradi mwanzo huo haujabadilika hata herufi. Sisi kwa kufuta kutoka juu tulikuwa tukiubadilisha mwanzo kila mara na kulipa bei kamili. Katika masurufu, hata hivyo, bado tunakadiria bei kamili, kwa kuwa hakuna anayekuhakikishia kwamba hifadhi hiyo itakuwepo.

#10 Mwanafunzi wa kompyuta

Ukomo wa siku mnauhesabu kuanzia saa ngapi?

#11 Msimamizi wa seva

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Mifumo mingi huanza siku mpya saa sita usiku kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Kazi inayoanza saa sita na kumalizika alfajiri inapita katikati ya siku mbili za mfumo, hivyo wakala aliyepotea anaweza kula bajeti ya jana kabla ya saa tisa na ya leo baada yake, ninyi mkiwa usingizini. Ama muusogeze mwanzo wa siku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ama mtumie dirisha la saa 24 linalosogea.

#12 Mhasibu

Nina swali moja la kiofisi. Masurufu yakiisha kazi haijaisha, nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha nyongeza? Katika maelezo yenu yote nimeona mashine inamwomba mashine.

#13 Mwanzisha uzi

Kwa sasa ni mimi. Lango linanitumia ujumbe wenye jina la kazi, kiasi kilichotumika na miito mitano ya mwisho ya zana, nami ninajibu ndiyo au hapana. Nisipojibu ndani ya dakika 30, jibu ni hapana. Simu yangu huwa nimeizima usiku, kwa hiyo kazi zote za usiku zinazoishiwa hukaa kwenye foleni hadi asubuhi. Wiki iliyopita zilikuwa ankara nne zinazosubiri. Tatu nilizipitisha kwa kuziongezea senti chache, na ya nne ilikuwa picha iliyopigwa kwa simu, kidole cha mpigaji kikiwa juu ya jumla ya fedha. Hiyo nimempigia muuzaji atume nyingine.